Sanduku la Kisiwani na Matuta ya Shambani: Kisa cha Minyoo wa Mboji Waliokufa Mara Mbili

## Usuli

Kisa hiki kilitokea Mombasa, baina ya nyumba moja ya ghorofani iliyoko Kisiwani na shamba la ekari mbili lililo ng'ambo ya kaskazini, karibu na mkono wa bahari. Wahusika wake ni binti mmoja na ami yake. Majina yao, mtaa wao na mahali penyewe pa shamba nimeyaondoa kama tulivyoafikiana. Mimi niliitwa baada ya minyoo kufa mara ya pili, kwa hiyo yaliyotangulia nimeyapata kwa kuwasikiliza wao na kwa kusoma daftari ambalo binti aliandika kila siku uzito wa chakula alichowapa minyoo na hali aliyowakuta nayo.

Binti alianza nyumbani mwezi wa Agosti kwa nusu kilo ya minyoo wekundu, ambao jina lao la kitaalamu ni Eisenia fetida. Alipandanisha makreti mawili ya plastiki, la juu likiwa limetobolewa matundu ili majimaji yachuruzike hadi la chini, akayaweka juu ya meza ndogo ambayo miguu yake ilisimama ndani ya mikebe ya maji kuwazuia chungu. Tandiko lake lilikuwa la makatoni yaliyochanwa na majani makavu. Kwa kuwa mnyoo wa namna hii hula kwa siku takriban nusu ya uzito wake, aliwapa robo kilo tu: maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, mashapo ya kahawa na maganda ya mayai yaliyopondwa. Makombo ya pilau hakuwapa kamwe, kwa sababu yana mafuta na chumvi. Maji hakuyatia ila kwa nadra, kwani maganda mabichi yana maji ya kutosha, na siku sanduku lilipoonekana kukauka alilinyunyizia maji ya kuoshea mchele. Naomba msomaji aikumbuke habari hii ya maji ya mchele, maana ilikuwa na uzito mkubwa kuliko sisi sote tulivyodhani.

Sanduku lilisumbua mara moja tu. Baada ya karamu ya arusi, binti alimwaga bakuli zima la machicha ya nazi mahali pamoja. Machicha hubaki na mafuta mengi hata baada ya tui kukamuliwa, na yakirundikwa hushikana, huchacha na kupata moto wa ndani. Usiku huo minyoo walipanda kuta za kreti na kujikusanya chini ya kifuniko. Asubuhi binti alitia mkono akahisi joto, akayaondoa machicha, akachanganya yaliyobaki na makatoni mengi, na kufikia jioni minyoo walikuwa wamerudi chini. Katika daftari aliandika kwamba minyoo wakikimbia, sababu ni joto. Somo hilo lilikuwa la kweli kwa siku ile, na ndilo lililowapotosha baadaye.

## Tuta la kwanza

Ami alikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa na kitalu cha miche ya pilipili, nyanya na mipapai. Alipoiona mboji ya mpwawe, nyeusi, laini, isiyo na harufu mbaya, aliamua kuifanya kwa ukubwa wa shamba. Hapo nyuma alikuwa amejaribu kuchimba nyungunyungu chini ya migomba yake na kuwatia katika samadi, nao wakatoweka wote. Jambo hilo halikuwa la ajabu, kwani nyungunyungu wanaochimba njia zao udongoni si wale wanaoishi katika takataka za juu ya ardhi, na mboji hutengenezwa na hawa wa pili.

Mwanzoni mwa Januari alijenga tuta la mawe ya matumbawe lenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 1, akalitandika turubai na kulijengea banda la makuti. Alitumia samadi iliyokaa miezi miwili hadi ikapoa, uamuzi ambao nausifu, kwa sababu samadi mbichi hupata moto na kutoa amonia, na vyote viwili huua minyoo. Alichanganya samadi hiyo na majani makavu ya migomba, akatia kilo 3 za minyoo, yaani kilo 1 kwa kila mita ya mraba, kiasi cha kuanzia kinachofaa.

Kaskazi ilikuwa ikivuma na tuta lilikauka upesi, hivyo lilinyunyiziwa lita 20 za maji ya kisima kila siku. Majimaji yaliyochuruzika yalikingwa kwa ndoo, na Ami, ambaye hapendi kuona kitu cha thamani kikipotea, aliyarudisha juu ya tuta. Machache aliyamwagia miche ya pilipili.

Katika wiki ya tatu zilionekana dalili mbili. Kwenye kingo za turubai palitokea unga mweupe, wakadhani ni ukungu. Ncha za majani ya pilipili zikakauka kama zilizobabuka, wakadhani ni jua. Wiki ya nne minyoo walikonda na kujikusanya katika sehemu chache, na ilipomalizika wiki ya tano hakuna aliyebaki hai. Kipimajoto kilichochomekwa shubiri moja ndani ya tuta kilikuwa kimesoma nyuzi 30 hadi 31 wakati wa mchana.

## Tuta la pili

Uamuzi uliofuata ulikuwa na mantiki yake, na singependa msomaji auone kuwa wa kijinga. Minyoo wekundu hustawi katika nyuzi 15 hadi 25, na joto likipita 35 huwaua. Wao walikuwa wamepima 31. Binti alikuwa amewaona kwa macho yake wakikimbia joto la machicha. Wakakubaliana kwamba adui ni joto, na kila walichokibadilisha kililenga kulipunguza.

Mwisho wa Februari waliliinua banda ili upepo upite, wakatandika vumbi la makumbi, yaani maganda ya nje ya nazi yenye nyuzi, kwa unene wa shubiri moja, kwa kuwa hushika maji na kukinga joto, na wakaongeza unyunyiziaji uwe mara mbili kwa siku. Vumbi hilo walilipata bila malipo kwa watu wanaotengeneza kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi. Makumbi huko hulowekwa kwa miezi katika matope ya ukingo wa bahari hadi yalainike, kisha hupigwa, usumba ukachukuliwa na vumbi likaachwa.

Kilo 3 nyingine za minyoo ziliingizwa jioni. Alfajiri Ami aliwakuta juu ya mawe, juu ya turubai, wengine wamepanda nguzo za banda, na jua halijachomoza vizuri kunguru wakawa wamekwisha kufika. Siku ya nne tuta lilikuwa tupu.

"Minyoo hawa ni wa Limuru, mwanangu," Ami alimwambia, akitaja nyanda za juu zenye baridi. "Joto letu hawaliwezi." Alikuwa tayari kuacha.

Binti hakubishana naye, ila alinipigia simu akiwa na swali moja: kama joto ndilo linaloua, mbona wa nyumbani wazima? Jiko lao la ghorofani, lenye dirisha moja, lilikuwa limefika nyuzi 30 mchana kutwa mwezi ule ule.

## Jaribio la ndoo nne

Swali hilo lilikuwa nusu ya jibu. Minyoo walikuwa wa aina moja na mtunzaji wao mkuu alikuwa mmoja. Vilivyotofautiana baina ya Kisiwani na shambani ni maji, tandiko, chakula na mahali. Chakula nilikiweka kando kwa wakati huo, kwa sababu samadi ilikuwa imepoa vizuri, na nikashauri vile vitatu vingine vitenganishwe.

Tulichukua ndoo nne zilizotobolewa chini, tukazipanga pamoja chini ya banda la makuti, ili joto liwe sawa kwa zote. Katika kila ndoo tulitia kilo 4 za tandiko lililoloweshwa na minyoo 40 waliohesabiwa mmoja mmoja kutoka sanduku la binti, tukafunika kwa chandarua kilichofungwa kwa kamba. Ndoo ya kwanza ilikuwa na vumbi la makumbi na maji ya kisima. Ya pili ilikuwa na vumbi lile lile, lakini kwa maji ya mfereji, yaani ya bomba, yaliyoletwa kwa mitungi kutoka Kisiwani. Ya tatu ilikuwa na makatoni na majani kwa maji ya kisima. Ya nne ilikuwa na makatoni na majani kwa maji ya mfereji. Kila moja iliongezwa robo lita ya maji yake kwa siku.

Kuna watu walionishauri tujaribu pia minyoo wakubwa wenye asili ya Afrika Magharibi, Eudrilus eugeniae, wanaostahimili joto zaidi. Nilikataa. Laiti tungebadilisha minyoo na maji kwa pamoja, na minyoo wakaishi, tusingejua ni kipi kilichowaponya.

Usiku wa kwanza minyoo wote wa ndoo ya kwanza walikuwa juu, wamejinyonganyonga kwenye chandarua, na siku ya tatu walikuwa wamekufa. Wa ndoo ya pili walihangaika pia, lakini si wote, na siku ya kumi walibaki hai 17. Ndoo ya tatu na ya nne zilitulia, minyoo wakashuka, wakaanza kula.

Hapa sina budi kueleza kosa langu. Siku ya nane nilimwambia Ami kwamba makumbi ndiyo yenye lawama na kwamba maji ya kisima hayana neno, kwa kuwa ndoo ya tatu ilikuwa ikiendelea vizuri. Ami alifurahi mno. Ni binti aliyeomba, kwa adabu lakini bila kulegeza, kwamba ndoo zisimwagwe, kwa sababu tuta la kwanza halikuwa na vumbi la makumbi na bado minyoo wake walikufa, tena kwa kuchelewa. Tukaziacha. Siku ya 18 minyoo wa ndoo ya tatu walianza kupanda. Siku ya 24 walibaki sita. Ndoo ya nne ilikuwa na 38.

## Hesabu ya chumvi

Mnyoo hana mapafu, hupumua kwa ngozi yake, na ngozi hiyo lazima iwe mbichi wakati wote. Chumvi ikizidi pale alipo humnyonya maji kupitia ngozi ile ile inayompa pumzi. Mipaka inayotajwa na wataalamu kwa minyoo wekundu ni kwamba chumvi ya tandiko isifike asilimia 0.5.

Tulipima maji ya kisima kwa kifaa kidogo cha kupimia chumvi iliyoyeyuka, tukapata gramu 2.4 kwa lita. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi, kwa hiyo haya hayakuwa ya bahari, na ng'ombe waliyanywa bila shida. Visima vya ukanda wetu huchimbwa katika jiwe la matumbawe lenye vitundu vingi, ambamo maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi yanayopenya kutoka baharini, na kadiri kiangazi kinavyorefuka na maji yakachotwa, ndivyo chumvi inavyosogea juu.

Tuta la kwanza lilikuwa na uzito wa takriban kilo 350 likiwa limelowa. Kulilowesha kulitumia lita 260 hivi, sawa na gramu 624 za chumvi. Kila siku lita 20 ziliongeza gramu 48. Maji yalipanda hewani kwa upepo wa kaskazi, lakini chumvi haipandi hewani, na ile iliyochuruzika ilirudishwa juu kwa ndoo. Baada ya siku 24 jumla inafika karibu gramu 1,780, ambazo ni zaidi kidogo ya asilimia 0.5 ya tuta zima, na hiyo ndiyo wiki ya nne ambayo daftari linasema minyoo walianza kukonda. Hesabu ya ndoo ya tatu inaangukia wiki hizo hizo: gramu 7 za kuanzia na gramu 0.6 kila siku hufikia gramu 20 za mpaka baada ya siku 21 au 22. Kwa hiyo maji hayo hayakuwa sumu siku ya kwanza, yalifanyika sumu kwa kujilimbikiza, na ndiyo maana siku nane hazikunitosha kuyahukumu.

Vumbi la makumbi lilikuwa na chumvi yake tangu matopeni. Kulimwagia maji mara mbili kwa siku ili kulipoza kulizidisha kile kile kilichowafukuza minyoo.

## Marekebisho na matokeo

Nilipokwenda na karatasi ya hesabu, Ami hakuisoma. Alikwenda kwenye turubai la zamani, akagusa ule unga mweupe kwa kidole, akauonja. "Munyu," alisema, kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

Banda la ng'ombe lilikuwa na paa la mabati la mita 40 za mraba. Milimita moja ya mvua juu ya paa hilo ni lita 40, na hata ikipotea sehemu ya tano zinabaki 32, ambapo Mombasa hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Ami alinunua tangi la lita 2,300 na kuliunganisha na mfereji wa bati. Kwa kulifunika tuta na magunia manyevunyevu juu ya majani ya migomba, mahitaji ya maji yalishuka hadi lita 8 kwa siku, yaani lita 720 kwa miezi mitatu ya kaskazi, kwa hiyo tangi linatosha na kubaki. Vumbi la makumbi lilitandazwa uwanjani kabla ya masika, mvua za Aprili na Mei zikalisuuza, na likapimwa kwa minyoo 40 katika ndoo kabla ya kutumika. Majimaji ya tuta hayarudishwi tena.

Mboji ya matuta yaliyokufa ilikuwa na chumvi isiyofaa miche, nayo ilimwagwa mashinani mwa minazi. Mnazi huistahimili chumvi, na huko Ufilipino wakulima huutilia chumvi kwa makusudi kama mbolea.

Tuta la tatu lilianza Julai kwa minyoo kilo 2 kutoka sanduku la Kisiwani. Novemba lilitoa magunia matano ya mboji, ambayo kitalu huchanganya sehemu moja kwa sehemu tano za udongo na mchanga. Miche ya pilipili ya msimu huo haikubabuka.

## Uchambuzi

Lililofanya kazi vizuri kuliko yote ni daftari, na hasa kwamba binti aliandika hata asichokielewa. Katika wiki ya tatu ya tuta la kwanza kuna neno moja lenye alama ya kuuliza: "maji?" Nilimuuliza kwa nini hakulisema. Alinijibu kwamba kisima kilichimbwa na babu yake, majirani huchota humo bila malipo, na katika ukame kimeokoa mifugo ya watu wengi. Vipi mtoto wa ndugu amwambie ami yake kwamba maji ya kisima hicho yanaua? Nami niliongeza ugumu kwa kuuliza habari za maji mara ya kwanza mbele ya majirani, swali ambalo Ami angeweza kulijibu kwa namna moja tu. Ningalianza kwa kumwomba tuziangalie pamoja kingo za turubai, pengine tungeokoa mwezi mzima.

Kosa la kitaalamu lilikuwa kuchukua ishara moja na kuipa sababu moja. Minyoo hupanda kuta kwa joto, kwa chumvi, kwa uchachu, kwa amonia, kwa kukosa hewa tandiko likijaa maji, na hata usiku wa kwanza kwa ugeni tu. Mkono uliotiwa ndani ya machicha ulihisi joto, lakini ndani ya tuta la kwanza kipimajoto hakikuwahi kuonyesha kiwango cha kuua. Namba ya 31 ilisomwa kama ushahidi wa hatia, wakati ilikuwa ni ushahidi wa taabu tu. Zile dalili mbili ambazo joto haliwezi kuzieleza, unga mweupe na ncha zilizokauka za majani, zilipewa kila moja sababu yake ndogo, na hakuna aliyeziweka pamoja.

Kuhamisha utaratibu wa nyumbani kwenda shambani kulifanywa kwa uaminifu kwa kila kilichoonekana: kina, wingi wa minyoo, kivuli. Kisichohamishwa ni kile ambacho binti hakukihesabu kuwa sehemu ya utaratibu, yaani kutotia maji karibu kabisa, ila yale machache ya kuoshea mchele. Sanduku la jikoni hujipatia unyevu kwa maganda, lakini tuta la samadi na majani makavu hutegemea maji ya mtunzaji wake kwa kila kitu.

Joto lenyewe halikosi sehemu yake. Katika ndoo ya nne, ambayo minyoo wake karibu wote waliishi, nilihesabu mwishoni mwa wiki ya nne vifuko 6 tu vya mayai, na minyoo walikuwa wakishuka hadi chini kabisa kila adhuhuri. Mwezi wa Agosti, ndoo kama hiyo, maji hayo hayo na minyoo 40, ilitoa vifuko 31. Kwa hiyo Ami hupunguza chakula cha tuta kuanzia Januari, hauzi minyoo wala hafungui tuta jipya wakati wa kaskazi, na hungoja mvua za Aprili ndipo alipanue.